Tangi la magurudumu kambini: la maji ya sabuni, si la choo

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Tunaishi Columbus, Ohio, mimi, mke wangu na watoto watatu. Mwaka huu tumenunua trela ya kulala ya mkono wa pili, futi 24, tunaivuta kwa pikapu. Mwezi wa saba tunakwenda hifadhi ya taifa ya Great Smoky Mountains, kambi ya Cades Cove, usiku sita. Nimesikia kwamba kule kiwanjani hakuna bomba la maji taka. Jirani yangu ananishauri ninunue lile tangi la bluu lenye magurudumu, nifungulie choo humo, kisha nilivute kwenda kumwaga. Mke wangu amesema gari letu halibebi kinyesi, na yeye akishasema amesema. Trela ina tangi la maji ya sabuni la galoni 30 na la choo galoni 30. Tunasali, kwa hiyo maji yanatumika. Ninunue? La ukubwa gani? Na nalibebaje?

JIBU: Wa alaykum salaam ndugu yangu. Nunua, ila si kwa kazi aliyokutajia jirani. Shemeji yuko sahihi kuliko mnavyodhani nyote wawili, na mwisho wa barua hii utaona kwamba matakwa yake na haja yako vinakutana vizuri tu.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali penyewe. Katika kambi za hifadhi ile, viwanja vya kawaida havina umeme, havina bomba la maji, wala bomba la maji taka. Bafu za kuogea hakuna. Kuna majengo ya vyoo vya kuvuta maji, kuna maji baridi ya bomba, na Cades Cove ni mojawapo ya kambi zenye kituo cha kumwagia matangi. Kwa hiyo mna choo kingine mbali na cha kwenye trela, lakini hamna bafu jingine. Hilo peke yake linakwambia tangi lipi litakusumbua.

Watu wakinunua trela, hofu yao yote huwa kwenye choo. Mimi nimetengeneza trela Kentucky miaka mingi, na mteja anayenipigia simu kutoka kambini akilia kwamba maji yamepanda kwenye beseni la kuogea, mara nyingi ni tangi la sabuni limejaa, si la choo. Piga hesabu mwenyewe. Galoni 30 ni kama lita 114. Shawa ya trela ikimwaga galoni 2 kwa dakika, basi ni lita 7 na nusu kila dakika. Watu watano, dakika tatu kila mmoja: lita 113. Yaani mmeoga mara moja, jioni ya kwanza, na tangi limekwisha. Vyombo vya chakula cha usiku bado viko mezani.

Wudhu nao hauonekani lakini unakula. Bomba la sinki likiachwa wazi, mtu mmoja anamaliza lita nne au tano bila kujua. Watano kwa sala tano, lita mia na zaidi kwa siku. Sisemi hivi kuwazuia watu ibada yao. Ila hadithi inajulikana, Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba cha maji na akioga kwa pishi moja, yaani vibaba vinne, hadi vibaba vitano. Kibaba ni chini ya lita moja. Chukua birika au kopo, liweke kando ya sinki, na kila mtu atawadhe kwa kopo hilo moja. Mmerudi kwenye sunna na mmeokoa tangi.

Kuoga pia, fanyeni kama tulivyolelewa. Nimekulia Tanga, tukioga kwa ndoo na kata, na hakuna aliyetoka bafuni mchafu. Pasha maji jikoni, changanya kwenye ndoo ndogo, lita tano kwa kila mtu, asimame ndani ya beseni la bafu la trela ajimwagie. Watoto waliozaliwa Marekani watanung'unika usiku wa kwanza. Usiku wa pili watashindana nani kabakisha maji.

Kwa mwendo huo hesabu inakuwa hivi: wudhu lita 17 au 18, kuoga lita 25, vyombo mara tatu kwa uangalifu lita 20. Jumla ni lita 60 na kidogo kwa siku. Ni matumizi mazuri sana kwa watu watano, na bado kwa siku sita ni kama lita 380, wakati tangi lako linabeba 114. Bila tangi la pembeni, yaani lile la bluu, itakubidi ukunje trela yote, upandishe miguu yake, uiunganishe na pikapu, uivute hadi kituoni na kuirudisha, si mara moja bali mara mbili au tatu. Likizo itakuwa ya nani? Ndiyo maana nasema nunua.

Sasa choo. Mchana watoto waende kwenye vyoo vya kambi. Cha trela kiwe cha usiku na cha dharura. Mkitumia kopo la maji kujisafisha badala ya karatasi, mnazidisha maji kidogo, lakini tangi la choo linapenda maji. Kinacholiua ni karatasi nyingi na maji haba. Lita 15 kwa siku, siku sita, ni lita 90. Tangi halijajaa na mnaondoka. Limwagie maji ya kutosha kufunika sakafu yake kabla ya kuanza kulitumia, weka dawa ya vimeng'enya, na valvu yake ibaki imefungwa muda wote. Siku ya kuondoka, njiani kutoka kambini, unasimama kituoni unamwaga choo kwanza, kisha maji ya sabuni yaliyobaki yanasafisha mpira. Safari nzima, tone la choo halijagusa tangi la bluu. Mwambie shemeji hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Jirani yako si mwongo. Matangi haya yanatengenezwa kwa maji taka ya kila aina, na rangi ya bluu ndiyo imezoeleka kama alama ya kwamba ndani hamna maji ya kunywa. Lakini kubeba choo kwenye chombo chenye magurudumu ni kazi nyingine. Kinachobaki ndani hakitoki kwa kusuuza mara moja, harufu inaingia kwenye plastiki, na ukimwaga kwa bahati mbaya barabarani umemwaga bakteria wa E. coli na virusi vya homa ya ini mahali watoto wa watu wanapita na baiskeli. Maji ya sabuni nayo si maji safi, usidanganyike. Yakikaa siku tatu na mafuta ya pilau ndani yake, yananuka vibaya, pengine kuliko choo. Ila makosa yake yanasameheka.

Kosa langu mwenyewe nitakusimulia, kwa sababu ndilo litakalokufundisha kununua ukubwa gani. Mwaka wangu wa kwanza na trela nilikuwa na tangi la pembeni la galoni 15 na tangi la choo la galoni 40. Taa za kupimia ndani ya trela zilionyesha robo tatu. Nikaunganisha mpira mnene wa inchi 3, futi 10, nikavuta valvu. Yakaanza kushuka vizuri. Mimi nimeinama natazama kipimo cha juu ya tangi. Kilipopanda nikasukuma valvu kuifunga, nayo ikagoma: karatasi imenasa kwenye ulimi wake. Tangi limejaa, mpira umejaa, valvu haifungi. Mpira wa inchi 3 wa futi 10 ukijaa unabeba karibu lita 14. Fikiria umeshika lita 14 za choo kwenye mfuko unaojipinda, ncha moja haiwezi kufungwa na nyingine huwezi kuifungua, na majirani wa kiwanja cha pili wanachoma soseji. Yaliyofuata sitayaandika.

Somo la pale ni moja tu: tangi la pembeni lazima liwe kubwa kuliko maji yaliyomo ndani ya trela wakati unapofungua valvu. Si kubwa kuliko tangi la trela. Kubwa kuliko maji yaliyomo. Ukiwa na hakika hiyo, unafungua valvu mpaka mwisho, unasubiri imalize, unafunga kwenye bomba lililo tupu. Hakuna kubahatisha.

Na hakika hiyo huipati kwenye taa za kupimia. Zile taa zinadanganya, hasa kwenye trela ya mkono wa pili, kwa sababu mafuta na uchafu hukwama kwenye vihisi na kuonyesha kujaa hata tangi likiwa tupu, au kinyume chake. Hesabu madumu. Kwa vile kiwanjani hakuna bomba, maji safi utayaleta mwenyewe kwa dumu. Madumu ya Marekani ya galoni 5 ni lita 19, karibu sawa na dumu letu la lita 20. Yanayoingia ndiyo yatakayotoka. Bandika karatasi kwenye mlango wa kabati, kila dumu linaloingia kwenye tangi la maji safi piga mstari mmoja. Sehemu itakwenda chooni, lakini wewe jifanye yote yamekwenda kwenye sabuni. Ukikosea, bora ukosee upande huo. Anza safari na tangi la sabuni tupu na maji safi ya kiasi unachokijua, vinginevyo hesabu inaanza ikiwa tayari imeharibika.

Kwa nyumba yako ni kama madumu manne kwa siku. Kwa hiyo ukubwa ninaokushauri ni galoni 28, lenye magurudumu manne. Linabeba lita 106. Wewe kila asubuhi baada ya chai utatoa lita 60 au 70, halijai hata siku moja. La galoni 15 ni rahisi kubeba na litakutosha ukiwa na mkeo tu, lakini kwa watano lita 57 zake zitakuweka kwenye wasiwasi ule niliokusimulia. La galoni 36 likijaa ni kilo 136 za maji kabla hujahesabu plastiki yake, na siku moja utalijaza kwa sababu nafasi ipo.

Kabla hujalipa, nenda uwanjani na futi ya kupimia. Pima kutoka ardhini hadi kwenye mdomo wa kutolea maji chini ya trela. Maji haya hayana pampu, yanateremka yenyewe. Kama mdomo wa tangi uko juu kuliko mdomo wa trela, au sawasawa nao, maji yataishia njiani. Trela nyingine zina bomba la chini sana, hasa zikiwa na matairi madogo. Nimeona mtu amechimba shimo kiwanjani ili tangi likae chini. Hifadhini usijaribu hilo.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: kwa maji ya sabuni huhitaji ule mpira mnene wa inchi 3 hata kidogo. Dukani kuna kifuniko cha mdomo wa trela chenye kichomeo kidogo cha mpira wa bustani wa inchi robo tatu, nacho kina kizibo chake. Tafuta kile chenye koki. Unafunga mpira mfupi wa futi 10, upande wa pili unaingia kwenye tangi, unafungua valvu ya sabuni peke yake, kisha unafungua koki. Maji yanatiririka polepole, unayasikia, unaweza kuyasimamisha kwa vidole viwili, na mpira huo ukijaa haufikishi hata lita moja. Utachelewa dakika kadhaa. Simama hapo hapo, usiende kumalizia chai. Tundu la hewa la tangi liwe wazi wakati wa kujaza na wakati wa kumwaga, la sivyo maji yanakwama na kurudi. Mpira huo uwe wa rangi tofauti kabisa na ule mweupe wa maji ya kunywa, na visikae kwenye sanduku moja.

Ila mpira mwembamba hautaki makapi. Weka chujio kwenye sinki, futa masahani kwa karatasi kabla ya kuosha, na makombo yote yaende kwenye pipa la kambi lisilofunguliwa na dubu. Dubu weusi wako wengi Cades Cove na pua yao haina mchezo. Ndiyo sababu mojawapo ya kutothubutu kufungulia maji ya vyombo chini ya trela usiku kwa kudhani hakuna anayeona. Sababu nyingine ni sheria: kanuni ya hifadhi za taifa, 36 CFR 2.14, inakataza kumwaga uchafu kutoka kwenye trela isipokuwa mahali palipotengwa. Wapo watakaokwambia "ni sabuni tu, babu zetu walimwaga uani". Babu zetu hawakuwa na matrela mia mbele ya mto mmoja.

Sasa kulivuta. Lita 65 ni kilo 65, jumlisha uzito wa tangi tupu, kilo 15 hadi 20, unakaribia kilo 85. Kwenye lami tambarare unaweza kulivuta kwa mkono. Kwenye kokoto na mlima, hapana. Yapo matangi yanayokuja na mkono wa chuma unaovaa kwenye kile kitufe cha kuvutia trela nyuma ya pikapu. Trela imebaki kiwanjani, pikapu iko huru, unavaa mkono huo na kwenda. Lakini mwisho ni maili 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Magurudumu yale ni madogo, hayana springi, na maji yanapiga mawimbi ndani. Mtoto mmoja mkubwa atembee nyuma pembeni atazame. Liwe ndani ya kambi tu, usiingie nalo barabara kuu hata kidogo. Na usijaribu kulinyanyua likiwa na maji kuliweka kwenye pikapu. Mgongo wako una thamani kuliko safari tatu za ziada.

Kituoni vaa glavu, unganisha mpira wa tangi, ingiza ncha kwenye tundu na uikanyage kwa kiatu isiruke, fungua tundu la hewa, fungua koki, kisha inua upande wa pili kidogo ili maji ya mwisho yatoke. Bomba la kusuuzia pale kituoni huwa na maandishi kwamba si maji ya kunywa. Yaamini. Usijaze dumu hapo hata kama kuna foleni kwenye bomba jingine.

Kuhusu kulibeba kutoka Columbus, una bahati una pikapu. Lisimamishe kwa ubavu mwishoni mwa bodi, karibu na mlango wa nyuma, vifuniko vyote vimefungwa, limefunikwa turubai, na boksi la barafu na chakula viwe upande wa mbele kabisa. Kamba mbili za mkanda, si moja. Wengi hulifunga kwenye ngazi ya nyuma ya trela au kwenye bampa. Ngazi nyingine zinavumilia tangi dogo, lakini bampa za trela nyingi ni bomba jembamba la chuma lililochomelewa, na lako limeshatumika na mwenyewe wa kwanza kwa mambo usiyoyajua. Soma kibandiko chake au kitabu cha trela kinasema kilo ngapi kabla hujalipachika chochote. Mkanda wa nailoni uliokaa juani misimu miwili hupungua nguvu na unaweza kukatika. Jaribu wako nyumbani, si barabarani kwa maili 65 kwa saa.

Kuliazima usiliazime, kwa sababu hujui mwenzako alifungulia nini humo, na kama alifungulia choo, yote niliyomwahidi shemeji yamevunjika. Ukirudi nyumbani lisuuze kwa maji na sabuni ya vyombo, kisha liache juani vifuniko wazi mpaka likauke kabisa. Ukitaka kutia jiki kidogo siku ya kufunga msimu, sawa, maadamu halijawahi kuona choo: jiki ikikutana na mkojo hutoa hewa ya sumu, na kwenye tangi la choo usiitie kamwe.

Halafu chukua kalamu ya wino usiofutika uandike ubavuni kwa herufi kubwa, SABUNI TU. Jirani akija kuliazima, msomee.